Ni Vile Tu

Kadzo mwanangu,

Shuleni kwetu Bungoma mwalimu alitufundisha kuanza barua hivi: sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu. Leo nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuchana karatasi mara mbili. Nusu ya kwanza ni uongo, na nusu ya pili ni kweli kupita kiasi. Basi nimeanza bila salamu, na usinione nimekosa adabu, maana salamu zenyewe ndizo ninazotaka kukuelezea.

Saa hizi uko Sharpstown kwa yule mama Mkongo, unasukwa. Umetoka hapa saa nane, na jinsi yule mama anavyosuka mstari mmoja kisha anasimama kueleza mambo ya Bukavu, hutarudi kabla ya saa mbili usiku. Baba yako yuko njiani na lori, anatoka Laredo, na atafika alfajiri akupeleke uwanja wa ndege. Nimebaki peke yangu hapa jikoni na ile karatasi ya safari uliyoibandika kwenye friji. Nimeisoma hadi naweza kuisema nikiwa nimefumba macho. Denmaki siku tatu. Norwe siku sita, kupanda mlima na kulala juu kwenye kibanda. Uswidi siku nne. Meli hadi Ufini, nyumba ya mbao kando ya ziwa. Vijana watano na mabegi mgongoni, majuma matatu. Pale kwenye ziwa Jessica ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtakaa kwenye chumba cha mvuke mpaka mshindwe, halafu mtaruka majini, na amechora mtu mdogo amenyanyua mikono akiwa hewani. Nywele za huyo mtu ni za kusuka, kwa hiyo ni wewe.

Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia unywe maji, wala umeze vidonge vyako, wala usikae na soksi mbichi. Nimeyasema hayo tangu una miaka minne, na wewe unaujua mwili wako kuliko daktari. Nikianza orodha utaikunja barua uitie mfukoni, na mimi nataka uisome yote. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma ukisogeza kidole na utanung'unika. Nung'unika, lakini soma. Kuna neno ninalotaka kukupa ambalo Kiingereza hakina.

Nikuambie habari za kaka yako Karisa. Unajua alikufa kwa malaria. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, na picha yake pale sebuleni umekua ukiipangusa vumbi ukiamini hivyo. Si malaria. Karisa alikuwa na siko seli, ugonjwa wa damu, kama wewe.

Baba yako ni Mgiriama wa Kilifi, mimi ni Mbukusu. Tulikutana Nairobi, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, Kiswahili ndicho kilichotuozesha. Hatukujua kwamba kila mmoja wetu amebeba nusu ya ugonjwa ndani ya damu. Karisa alipofika miezi minane vidole vyake vilivimba vikawa kama ndizi zilizoiva, analia usiku kucha, na watu wakasema yao. Wengine walisema jicho baya, wengine walisema ni mifupa ya ukoo wa baba yake. Mimi nikasema ni meno. Baba yako alipopata nafasi ya kusoma Houston, Karisa ana miaka mitano, wewe uko tumboni, tukamwacha Bungoma kwa mama yako mkubwa Nekesa. Mwaka mmoja tu, tulisema, mpaka tutulie. Ukawa miwili, ikawa minne. Makaratasi, Kadzo. Siku hizi watu wanafikiri tulimsahau.

Wewe ulipozaliwa, hapa Texas, walikutoboa kisigino wakachukua damu, na baada ya wiki mbili wakatuita. Kisigino chako ndicho kilichonifundisha jina la ugonjwa wa kaka yako. Nilipiga simu nyumbani siku hiyo hiyo, nikamwambia dada yangu ampeleke hospitali akapimwe, na jibu likawa lile lile. Kwa hiyo kuanzia hapo nilijua. Usije ukanitetea kwa kusema mama hakujua.

Wakati huo simu ilikuwa ya kadi, zile za kukwaruza namba. Kila Jumapili saa moja asubuhi kwetu, saa tisa mchana kwao, dada yangu alikwenda kwenye duka la dawa mjini lililokuwa na simu, anakaa kwenye benchi na wagonjwa, anangoja. Sisi tulikuwa katika zile fleti za Sharpstown, simu iko ukutani jikoni na waya wake umenyooka kwa kuvutwa. Napiga, naingiza zile namba ndefu, naomba Mungu.

Ile Jumapili naikumbuka neno kwa neno.

"Hamjambo?"

"Hatujambo kabisa. Nyinyi je?"

"Sisi wazima. Mama?"

"Mama mzima, anakusalimu sana."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha vizuri. Mahindi yamefika magotini."

"Watoto wako?"

"Wote wazima, wanacheza."

"Na Karisa wangu?"

"Karisa mzima. Ni vile tu..."

Hapo yule mwanamke wa mashine ya kadi akaingia na sauti yake ya kanisani, akasema muda wako umekwisha. Nikasikia mlio, basi.

Ni vile tu. Wewe hujakulia nyumbani, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata kama paa limeng'oka. Kwanza nzuri, kwanza tuko salama, kila mtu anatajwa na kila mtu ni mzima, halafu mwishoni kabisa, salamu zikishakwisha, ndipo mtu anapumua na kusema: ni vile tu. Ni vile tu ng'ombe amekufa. Ni vile tu baba hajaongea tangu juzi. Habari yenyewe huja hapo. Anayejua lugha husubiri hapo. Na mimi nilikuwa najua lugha.

Nilikuwa na kadi nyingine kwenye droo. Nataka ulijue hilo. Ilikuwa pale, haijakwaruzwa, chini ya vijiko. Lakini nilikuwa nimezungusha nywele kwenye rola, ibada inaanza saa nne, baba yako anapiga honi kule chini kwa sababu gari lilikuwa limekataa kuwaka na hatimaye limewaka. Nikasema moyoni, ni vile tu anataka viatu. Jumapili iliyopita ilikuwa ni vile tu amepoteza daftari. Nikafunga droo, nikaenda kanisani, nikaimba.

Jumatano wakapiga wao. Ukiona simu inatoka kule kuja huku, ujue mtu ameshakufa.

Miaka sita baadaye nilipoweza kwenda nyumbani, nilimuuliza dada yangu. Nilimuuliza vibaya, nilipandisha sauti mbele ya watu. Nikamwambia, mtoto alikuwa hajanyanyuka kitandani siku mbili, wewe unaniambia mahindi? Kwa nini hukuanza na hilo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuingia nyumba kwa dirisha. Akasema, "Ningekuambiaje na hatujasalimiana?" Wala hakuwa na ubishi. Alikuwa anataka kujua kweli. Tulikaa pale hakuna aliyemlaumu mwenzake tena, na mpaka leo hatujalizungumza.

Sasa wewe. Wewe unanijibu kwa Kiingereza. Habari ya masomo? I'm fine, Mom. Umekula? I'm fine. Unaumwa wapi? I'm fine. Neno lako halina mkia. Dada yangu angalau alikuwa na mkia, mimi ndiye niliyeukata. Kwako sijui nisubiri wapi.

Na ubaya ni kwamba nilikufundisha mwenyewe. Unaikumbuka ile sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani pale kwenye bwawa la fleti? Una miaka saba. Ilikuwa Aprili, jua linawaka lakini maji bado ya baridi, na baridi ndiyo huamsha maumivu yako. Kabla hujatoka nilikushika mabega nikakuambia, wakikuuliza kwa nini hupendi maji, usimwambie mtu una nini. Sikukuambia useme nini badala yake. Mtoto wa miaka saba, watoto wote wako majini wanakuita, huna la kujibu. Ukaruka. Usiku huo ulilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nimekuzungushia taulo za moto huku nakukemea. Nilikukemea, Kadzo. Nikakuambia, si nilikukataza? Nilichokukataza ni kusema, na wewe ulitii.

Kina mama wa kanisa walipokuja kukuona, na chupa zao za chai na mandazi, niliwaambia umepata homa ya mafua. Walikuwa watu wema, wengine wauguzi kama mimi. Lakini niliwajua. Wangeomba vizuri sana, na wakifika kwenye maegesho wangesema nyumba ile ina damu mbaya. Wangesema nani atamwoa. Niliwaza harusi yako ukiwa na miaka saba, umelala hapo umekunja miguu. Ukiwa umesinzia hivyo hivyo ukanisikia nikisema mafua. Kesho yake mwalimu alipopiga simu, ukachukua simu mkononi mwangu ukasema mafua. Nikafurahi. Nikamwambia baba yako, mtoto huyu ana akili.

Nimeshakuwa muuguzi miaka kumi na minne. Kuna kitu sijakueleza cha hospitalini, na jina sitalitaja. Kijana wa miaka ishirini na mbili, mrefu, ana meno mazuri. Wenzake wa chumba walimleta akiwa amechelewa sana. Walikuwa vijana wazuri, viatu havijafungwa. Walisema walidhani amelewa. Alikuwa anagaagaa sakafuni kwenye sherehe, wakamfunika blanketi, wakamwekea ndoo karibu, wakazima taa ili apumzike. Walimtunza kwa kila kitu walichojua. Hawakujua ana siko seli, hakuwahi kuwaambia, na asubuhi hakuamka. Mimi ndiye niliyemfunga ile kanda ya jina mguuni. Mmoja wao alinifuata hadi kwenye lifti akaniuliza, angetuambia tungefanya nini? Nikamwambia mngempigia mtu simu, tu. Nilifika nyumbani nikakaa garini hadi baba yako akatoka kuniuliza kama gari limeharibika.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, ulipowaleta hao wanne kula hapa, sikula. Uliniuliza mbona huli nikasema nimeshiba harufu ya pilau. Nilikuwa nawatazama. Nilikuwa nawapima kama anavyopimwa mtu anayepewa mtoto ambebe. Yule mvulana mrefu aliyeosha vyombo bila kuambiwa, huyo ana mikono. Yule mwingine anayecheka kila kitu, sijui. Jessica, mwenzako wa chumba, yeye alikula mara tatu na akanisemesha sana, ananiita Mama K, na sikuweza kumchukia ingawa nilijaribu. Akaanza mambo ya ziwa. Akasema maji yatakuwa baridi mpaka utasahau jina lako. Wewe ukacheka ukasema utakuwa wa kwanza kuruka.

Kadzo. Niliutambua ule uongo. Ulikuwa laini, hauna mshono, na nilijua ni nani aliyeushona. Nilikwenda jikoni nikafungua maji ya bomba ili msinisikie.

Baba yako anasema nikuache. Anasema umri wako yeye alikuwa ameshavuka Kenya nzima akining'inia kwenye malori ya chumvi. Kweli, lakini mifupa yake haikuwa inamgeukia. Hapa Houston joto limetuficha. Tumezoea kwamba ukiumwa ni kwa sababu ya baridi ya mashine za hewa dukani, au umekesha ukisoma, na hospitali iko dakika kumi na mimi nina funguo za gari. Kule juu ya mlima nani ana funguo za gari? Usiku hauingii giza, nimesoma, jua linabaki tu pale limekaa, na wewe umelala kwenye kibanda unauma mto, wenzako wanafikiri umechoka kutembea. Mtu mwema atakufunika blanketi. Atazima taa, kama kuna taa ya kuzima.

Nilifikiria kuficha pasi yako. Nilikwenda hadi kwenye mkoba wako jana nikaishika. Nikairudisha kwa sababu nilijiona nilivyo, mwanamke wa miaka hamsini anaiba kwa mwanawe. Nikasema nitaandika barua.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuomba, na nilitaka barua iishie hapa. Waambie wenzako. Si lazima wote, hata Jessica peke yake. Kabla ya ndege, au ndani ya ndege, kabla ya mlima. Mwambie jina la ugonjwa, na mwambie ukinyamaza sana asikuache. Nilikufundisha vibaya. Nilifikiri nakufichia aibu, kumbe nilikuwa najifichia yangu, kwa sababu nilifunga droo.

*

Nimesimama hapo juu kwa sababu simu imelia. Sasa nimerudi.

Ni Jessica. Amekutafuta kwenye simu yako hujashika, nadhani kichwa kiko chini mikononi mwa yule Mkongo. Alitaka kukuambia mkutane mlango gani kesho. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuimba, habari zenu Mama K, kila kitu sawa?

Nikasema, kila kitu sawa kabisa, mpenzi.

Imetoka yenyewe. Nimekaa hapa tangu saa tisa naandika juu ya neno hilo hilo, kalamu bado iko mkononi, na mtoto ameniuliza swali moja nikamjibu nzuri. Akasema haya basi, kesho. Nikasikia anavuta pumzi ya kuaga. Nikasema, Jessica, usikate. Nikatafuta ni vile tu kwa Kiingereza, sikuipata, nikasema lakini. Nikamwambia, Kadzo ana ugonjwa ambao hajawaambia.

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

Akasema, "Mama K, tunajua. Tunajua tangu Machi."

Nikamuuliza Machi kulikuwa na nini. Akaanza neno akaliacha, na hapo nikajua ameelewa kwamba mimi ndiye nisiyejua. Amelia. Ameniambia yote, usimlaumu, nimembana kama ninavyobana madaktari wachanga. Kwamba ulianguka bwenini, huko chuoni. Kwamba yule mrefu alikubeba kushuka ghorofa tatu, na Jessica aliendesha gari hadi hospitali ya Fort Worth akipita taa nyekundu. Siku tano. Kwamba uliwaambia kila kitu usiku wa kwanza, jina la ugonjwa na habari zote, wakapeana zamu za kukaa nawe. Kwamba daktari alisema mapafu yaliguswa, na usiende kwenye baridi kali wala milima mirefu mwaka huu. Walitaka kuahirisha safari. Wewe ukawaambia, mama yangu ni muuguzi, ameongea na daktari, amesema ni sawa.

Nimesema ni sawa. Mimi.

Nimehesabu. Katika siku tano kuna Jumapili moja. Nilikupigia Jumapili hiyo baada ya kanisa, kama kawaida. Nakumbuka kwa sababu nyuma yako kulikuwa na mlio, tii, tii, tii, kisha kimya, kisha tena. Nikakuuliza ni nini hicho, ukasema ni mikrowevu ya Jessica, anapasha bisi. Kadzo, ule mlio mimi nauzima kila siku ya kazi. Ni mashine ya dripu ikisema mfuko umekwisha. Nausikia usingizini, baba yako ni shahidi. Mtu mwingine yeyote ungemdanganya na mikrowevu, lakini si mimi. Nadhani niliujua. Nadhani niliusikia na nikafunga droo mara ya pili, kwa sababu ulikuwa umesema I'm fine na nilitaka iwe hivyo, na kulikuwa na chakula jikoni.

Nimetaka kuchana barua hii yote kwa sababu nimekuandikia kurasa kukuomba uwaambie watu ambao wanajua. Nimeiacha. Wageni hao niliowapima hapa mezani kwangu kama wezi, wamekubeba. Yule anayecheka kila kitu, anasema Jessica, alilala sakafuni kando ya kitanda chako usiku wa siku mbili. Tulia, sitamwambia kitu, nitampikia tu. Waliokuwa hawajui katika habari hii yote ni mimi na baba yako.

Nina hasira na wewe, nisikufiche. Nina hasira nimevunja kikombe. Umetumia jina langu kufuta neno la daktari. Lakini kila nikikasirika nakutana na mimi mwenyewe mlangoni nimekushika mabega, una miaka saba.

Sijui kama utapanda ndege kesho. Barua haiwezi kuamua, na sitaamua kabla hujaingia. Kama ukienda, mlima hupandi na ziwani huingii, na hilo nitakuambia usoni, si kwenye karatasi. Kama huendi, nitawapigia mimi hao wanne, nitabeba lawama, nimezoea. Kesho asubuhi, kabla ya ndege, tunapiga simu kwa yule daktari wa Machi pamoja, wewe na mimi, simu moja.

Kuna kitu kimoja zaidi alichoniambia Jessica. Alisema usiku wa pili, maumivu yalipozidi, uliacha Kiingereza. Uliongea lugha yako mpaka alfajiri na hawakuelewa, na kila mmoja wao aliposhika simu anipigie, ulirudi kwenye Kiingereza ghafla ukamkataza. Nikamuuliza nilikuwa nikisema nini, namaanisha ulikuwa ukisema nini. Alisema maneno mawili aliyashika kwa sababu uliyarudia sana, akayatamka na ulimi wake wa Texas, la kwanza analijua, la pili hajui maana yake, akaniuliza ni nini.

Mama, njoo.

Sikuweza kumtafsiria. Ukiingia, usinisalimu. Nimekaa hapa jikoni.

Mama